MREJESHO: Vipasha joto vya siti – ya dereva imekubali, ya abiria nimeiacha

Wakuu, niliuliza namna ya kufunga mikeka ya joto kwenye siti za mbele, huku Minneapolis, Marekani, kwenye baridi kali, na umeme niuvute wapi. Asanteni sana.

Nimemfuata yule aliyenijibu akakataza kuunga kwenye soketi ya kiberiti. Mikeka miwili ya siti moja inakula kama ampia 8, kwa hiyo nimevuta waya wa milimita 2.5 kutoka betri, fyuzi ya ampia 15 karibu kabisa na betri, halafu rilei (swichi inayowashwa na umeme mdogo), miguu yake kwa namba: 30 umeme wa betri, 87 kwenda kwenye mikeka, 86 umeme wa swichi ya ufunguo, 85 erthi. Ukizima gari joto linakatika.

Kinachokula muda ni pete za chuma zinazobana kitambaa kwenye sponji. Zikate, usizinyooshe, rudishia mpya kwa plaizi yake. Mkeka unapovuka mfereji wa pete, toboa dirisha katikati, kwenye kaboni tu (sehemu inayotoa joto). Waya wa pembeni usiuguse. Ukiacha mkunjo, hapo ndipo panapoungua.

Kosa langu: nilirudisha betri na kufungua swichi nijaribu joto, plagi ya njano ya eabegi (mfuko wa hewa wa kinga ya ajali) ikiwa bado imechomolewa. Taa ya eabegi ikawaka, haikuzima mpaka ikafutwa kwa mashine ya daignosi (ya kusoma hitilafu za gari).

Siti ya abiria ina kihisi cha uzito ndani ya sponji, na mkeka juu yake unaweza kuidanganya eabegi. Siti hiyo sikuigusa. Abiria atavumilia na koti lake.