Mtoto kurithi jina la bibi yake anaeitwa Tabu, Biblia inasemaje?

MwanaMasasi:
Habari za jioni wadau. Naombeni msaada maana nyumbani jambo hili limeshaleta maneno. Mke wangu kajifungua mtoto wa kike mwezi uliopita, mama na mtoto wazima kabisa namshukuru Mungu. Sasa kwetu binti wa kwanza anarithi jina la mama mzaa baba, anakua somo wake, na mama yangu anaitwa Tabu. Alizaliwa kipindi cha njaa, bibi alishikwa na uchungu njiani akitoka kutafuta muhogo ndo mtoto akaitwa hivo. Mama ana furaha sana, doti ya kanga ya somo wake ashanunua. Ila shemeji yangu anasali kanisa jingine na huko wamefundishwa kua jina ni unabii, ukimwita mtoto Tabu au Shida umemfungia maisha yake yote, na wanatoa mifano ya Yakobo na Yabesi. Mke wangu kaingiwa na hofu na ubatizo umekaribia. Sisi ni Wakatoliki. Wenye kuijua Biblia vizuri mniambie, ni kweli jina linabeba maisha ya mtu?

BintiNyangao:
Hongera sana kaka kwa mtoto. Huyo Yabesi wanaemtaja naomba mkamsome wenyewe nyumbani, 1 Nyakati 4:9-10, ni mistari miwili tu. Mama yake alimpa hilo jina kwa sababu alimzaa kwa uchungu, kwa Kiebrania linakaribiana na neno la maumivu, yaani ndo Tabu yenyewe hiyo. Halafu mstari huohuo unasema alikua na heshima kuliko ndugu zake. Akamwomba Mungu ambariki na amzidishie mipaka na amwepushe na uovu, Mungu akampa alichoomba. Sasa angalia, jina halikubadilishwa! Hakuna malaika aliekuja kusema kuanzia leo unaitwa vingine, kabarikiwa akiwa Yabesi na kaandikwa Yabesi mpaka leo. Mimi nashangaa mtu anaichukua habari hii kuwatisha wazazi wakati yenyewe inasema kinyume.

Mwombaji_Lindi:
Dada nakuheshimu ila usilifanye jina kua kitu kidogo. Mungu mwenyewe alimbadilisha Abramu akawa Abrahamu, baba wa mataifa mengi, Sarai akawa Sara, Mwanzo 17. Yakobo maana yake mshika kisigino na kweli alimzunguka kaka yake, Esau mwenyewe analalamika kwenye Mwanzo 27:36 kua ndo maana anaitwa Yakobo, kanidanganya mara mbili. Nabali jina lake ni upumbavu na mkewe Abigaili akamwambia Daudi wazi kua mtu huyu yuko kama jina lake. Na Raheli alipokua anakata roho akamwita mtoto Benoni, mwana wa uchungu wangu, Yakobo akakataa palepale akamwita Benyamini, mwana wa mkono wa kuume. Baba ana mamlaka. Kaka wewe ndo baba, kwanini umpe mwanao jina la njaa ya zamani wakati Mungu amekupa mdomo wa kubariki?

Mzee wa Newala:
Wanangu nimesoma yote. Huyu wa Lindi mifano yake ni ya kweli ila inabidi uangalie nani anaita na kwa nini. Abrahamu na Sara walipewa majina mapya pamoja na agano, jina ni alama ya ahadi, haikua dawa ya kuondoa mkosi wa jina la kwanza. Na Yakobo baada ya kuitwa Israeli pale Yaboki aliendelea kuitwa Yakobo, Mungu mwenyewe alipomtokea usiku akielekea Misri alimwita Yakobo, Yakobo (Mwanzo 46:2). Kama lile jina lingekua kifungo Mungu asingelirudia.

Halafu mtazameni Danieli, jina lake linasema Mungu ndie mwamuzi wangu. Kule Babeli wakamwita Belteshaza, na Nebukadneza anasema mwenyewe kua ni kwa jina la mungu wake, Danieli 4:8. Akaishi na jina la sanamu miaka yote ya utumishi wake na bado alikua anafungua madirisha na kupiga magoti mara tatu kwa siku. Nendeni pia kwa Paulo, mtu aliemletea msaada gerezani ni Epafrodito, jina linatokana na Afrodite mungu wa kike wa Wayunani, na kwenye Warumi 16:14 anamsalimia mtu anaitwa Herme, hilo ni jina la mungu wao kabisa. Paulo anawaita ndugu na hakuna mahali amewaambia wabadili jina. Hata yeye mwenyewe watu wanasema aliacha Sauli alipookoka, lakini Matendo 13 Roho Mtakatifu anasema nitengeeni Barnaba na Sauli, na hiyo ni muda mrefu baada ya Dameski.

Sisi huku jina jipya tunalijua. Kijana akitoka jandoni anapewa jina lingine na ukimwita la utotoni umemvunjia heshima mbele za watu. Waanglikana wa Masasi wakati wa Askofu Lucas hawakulifuta jando, walilitia ibada ya Kikristo. Jina jipya linasema huyu sasa ni mtu mzima mwenye wajibu, basi. Hatujawahi kufundishwa kua la kwanza lilikua laana.

MamaMikindani:
Mimi ni Mwislamu naomba nichangie kidogo maana na sisi hili lipo. Mtume alibadili majina mabaya, alikuepo mwanamke anaitwa Asiya kwa maana ya muasi akamwita Jamila. Kwaiyo kuchagua jina zuri ni haki ya mtoto. Lakini kuna tofauti ya jina la kumtukana mtu na jina la kukumbuka siku aliozaliwa. Mwajuma na Chausiku wamejaa huku, na Tabu pia wapo, wengine ndo waliotulea. Kaka usimvunje mama yako moyo.

MwanaMasasi:
Asanteni sana, Mzee shikamoo. Mwombaji na wewe nakushukuru, sijayapuuza maneno yako. Mke wangu nimemsomea haya yote, kinachomsumbua bado ni kwamba mtoto atakua anatamka shida kila akijitambulisha shuleni.

BintiNyangao:
Wifi namuelewa. Mwambieni asome Ruthu. Naomi amerudi Bethlehemu bila mume bila watoto anawaambia wanawake msiniite Naomi niiteni Mara, Mwenyezi amenitenda machungu. Ameomba mwenyewe jina chungu, lakini ukifika sura ya 4 mjukuu amezaliwa, wanawake jirani wanasema Naomi amezaliwa mwana, na hao majirani ndo wanamwita mtoto Obedi, babu yake Daudi. Naomi anampakata kifuani. Mama yako na hiyo kanga yake mimi namuona humo. Na kama mke bado hana amani mpeni mtoto majina mawili, la ubatizo achague yeye na la nyumbani abaki somo wa bibi, mbona familia nyingi tunafanya hivo.

MwanaMasasi:
Hapo kwenye majina mawili kanyamaza kidogo halafu kasema anataka Ruthu. Swali la mwisho, padri anaweza kulikataa Tabu lisiandikwe kabisa kwenye cheti cha ubatizo?

Mzee wa Newala:
Zamani mapadri walidai jina la mtakatifu. Sheria ya Kanisa lenu ya 1983, kanuni ya 855, inataka tu wazazi, wasimamizi na paroko waangalie lisiwe jina lililo kinyume na hisia za Kikristo. Mkiwa na Ruthu mbele na Tabu nyuma sioni pa kukwama. Ila muone padri mapema mwambie na habari ya muhogo, usisubiri asubuhi ya ubatizo.