Kikundi: Watoto wa Bi Somoe (Chikongola)

ALHAMISI

*Da Mwanahawa, 18:07*
Asalaam aleikum familia. Mzigo wa Bakari nimeupokea stendi, mipira miwili ya matope ya nyuma na kifuko cha skrubu. Jumamosi saa mbili asubuhi tunafunga hapa uwani kwa mama. Jumapili watoto wanatoka jandoni Tandahimba na mvua ndiyo hizi zimeanza, siendi tena na gari linalorusha tope kama trekta. Nani anakuja?

*Da Mwanahawa, 18:09*
Na nani ana jeki? Ya kwenye gari imepinda.

*Da Mwanahawa, 18:34*
Mbona kimya? Tiki za buluu naziona.

*Shemeji Rajabu, 18:40*
Waaleikum salaam shemeji. Mimi nipo, ila nauliza, chai itakuwa na nini?

*Zuhura, 18:40*
Rajabu jamani

*Shemeji Rajabu, 18:41*
Fundi hainami na njaa, damu inashuka kichwani

*Da Mwanahawa, 18:43*
Mihogo ya kuchemsha na chukuchuku. Umeridhika?

*Shemeji Rajabu, 18:43*
Jeki ninayo 😂

*Fatuma, 18:50*
Hivi dada ni lazima? Si tunakwenda taratibu tu, gari miaka yote limekaa bila hayo madigadi

*Da Mwanahawa, 18:51*
Fatu. Kanzu ya yule mzee wa Mnivata.

*Fatuma, 18:51*
Basi yaishe

*Zuhura, 18:52*
Mimi mpaka leo nikipita pale najifunika ushungi

*Shemeji Rajabu, 18:52*
Madigadi ni ya baiskeli mama Dulla, haya ni mipira

*Fatuma, 18:53*
Haya mwalimu

*Dulla, 19:10*
Shikamooni wakubwa. Mama mkubwa mimi nitafunga ila saa nne nina abiria wangu wa Mikindani, kwa hiyo tuanze mapema. IST inachafuka sana nyuma kwa sababu ya lile umbo, mgongo umekatika wima. Upepo ukifika pale unajizungusha, unalibeba tope la tairi unakuja kulipaka kwenye kioo. Ndo maana ukitoka safari mbele kioo kisafi, nyuma huoni hata namba.

*Shemeji Rajabu, 19:11*
Na shangazi yangu wa Lindi naye mgongo umekatika wima, mbona hachafuki

*Zuhura, 19:11*
Nitamwambia

*Bakari (Dar), 19:26*
Waaleikum salaam. Nisomeni vizuri maana sitakuwepo. Hiyo mipira si ya IST peke yake, inauzwa kwa gari lolote dogo, kwa hiyo matundu yake msitegemee yatalingana na ya gari. Msiivute kwa nguvu ili ilingane, itajikunja iguse tairi. Ishikeni kwanza pale nyuma ya tairi bila kufunga, mtu mwingine asimame mbali aangalie kama imenyooka, ndipo muweke alama kwa chaki. Chini iache nafasi ya kiganja kutoka ardhini. Ikiburuta, siku mkirudi rivasi kwenye jiwe inang'oka na bampa lake.

*Bakari (Dar), 19:28*
Na mkipima wakalisheni watu wawili siti ya nyuma. Gari tupu na gari lenye watu si gari moja, shokapu zikishuka tairi linaingia ndani ya fenda.

*Shemeji Rajabu, 19:29*
Mimi na Fatuma tumeshakaa

*Da Mwanahawa, 19:30*
Asante Baka. Wengine mnaona mwenzenu aliye mbali anavyojali? Hassani? Mwajuma? Ashura?

*Dulla, 19:41*
Nimeenda kuliangalia sasa hivi na tochi. Kila upande kuna skrubu moja ya bampa pale pembeni na klipsi moja ya ile plastiki ya ndani. Hizo mbili tunazitoa, tunapitisha mpira, tunarudisha na skrubu ndefu kidogo na washa. Ya tatu ndo haina tundu. Drili ipo?

*Da Mwanahawa, 19:44*
Drili ya Mzee iko kwa anayejua iko kwake.

*Shaibu, 19:52*
_Ujumbe huu umefutwa_

*Zuhura, 19:53*
Mimi niliuona

*Fatuma, 19:53*
Na mimi

*Da Mwanahawa, 19:55*
Andika tu Shaibu, usifute. Mwaka wa ngapi huu?

IJUMAA

*Ashura, 06:15*
Ijumaa Mubarak 🌹 Mwenyezi Mungu azijibu dua zetu. Sambaza kwa watu kumi.

*Shemeji Rajabu, 06:20*
Amin. Nimemsambazia Shaibu mara kumi

*Shaibu, 06:58*
Kama nasemwa na mimi niseme. Geti la mama nani alilitoboa akalifunga? Madirisha ya chumba cha Ashura? Drili ilifanya kazi za nyumba hii yote, hakuna aliyeuliza biti zinanunuliwa na nani. Ilibaki Nanguruwe kwa kazi mliyonituma ninyi nyote, mkakaa kikao bila mimi. Leo drili imekuwa ya Mzee, siku ile ilikuwa "chukua tu Shaibu".

*Da Mwanahawa, 07:03*
Ilikuwa ya Mzee tangu tunazaliwa. Na kikao ulikuwepo, ulikuwa umelala.

*Shaibu, 07:04*
Nilikuwa naumwa

*Zuhura, 07:04*
Alikuwa anaumwa kweli dada

*Da Mwanahawa, 07:05*
Zuhura nyamaza, wewe ulikula hela ya nauli.

*Zuhura, 07:05*
Mimi???

*Shemeji Rajabu, 07:07*
Kwa hiyo mipira yenyewe ni ya rangi gani

*Fatuma, 07:20*
Mama yuko hapa na mimi. Anasema simu inalia sana asubuhi hii, na kwamba hasomi lakini anajua.

*Bakari (Dar), 12:50*
Jamani mimi natoka msikitini nakuta jumbe zote hizi. Drili hamuihitaji. Msitoboe bodi kabisa. Hapo kwetu upepo wa bahari una chumvi, tundu la chuma lisilopakwa rangi linashika kutu kabla hamjafika Tandahimba. Mmesahau lile Vitz la jirani, mlango ulivyokuwa unamwaga unga? Skrubu mbili zinatosha kwa mpira mdogo kama huo. Mkitaka ya tatu, toboeni ile plastiki peke yake kwa msumari wa moto, ila siyo upande wa mfuniko wa mafuta, bomba linashukia hapo hapo nyuma ya plastiki.

*Shemeji Rajabu, 12:52*
Msumari wa moto na petroli. Mimi nitakaa na chukuchuku mbali kidogo

*Dulla, 13:15*
Mjomba Baka hapo umesema. Ila tairi nitalitoa, mkono hauingii kugeuza bisibisi.

*Bakari (Dar), 13:18*
Litoe. Nati zilegeze kidogo gari likiwa bado chini. Halafu sikiliza vizuri, handibreki inashika matairi ya nyuma, na wewe nyuma ndiko unakoinua, kwa hiyo usiitegemee. Weka P, inashika ya mbele, na matairi ya mbele yawekee mawe, mbele na nyuma yake. Jeki ni ya kuinulia tu, chini weka gogo au stendi ndipo uingize mkono.

*Dulla, 13:19*
Sawa mjomba

*Da Mwanahawa, 13:40*
Basi tumekubaliana. Saa mbili kamili. Shaibu na wewe uje, mambo ya drili tutayaongea uso kwa uso.

*Da Mwanahawa, 17:02*
Shaibu?

*Da Mwanahawa, 21:30*
Haya laleni salama wote mnaosoma.

JUMAMOSI

*Dulla, 06:52*
Mama mkubwa nimeshaanza, nimeazima jeki kwa fundi wa hapa mbele. Mawe nimeweka, gogo la mwembe lipo chini.
_Picha_

*Da Mwanahawa, 06:54*
Mwanangu Mungu akubariki. Nasonga huko na mihogo.

*Dulla, 07:31*
Upande wa dereva tayari. Ile klipsi ilivunjika, zimekauka kwa jua, nimetumia skrubu fupi na washa mbili. Nilimkalisha Ashura na rafiki yake siti ya nyuma, mpira uko mbali na tairi vidole vitatu. Umenyooka.
_Picha_

*Ashura, 07:32*
Tuliamshwa

*Zuhura, 07:33*
Umependeza jamani! Kama gari la mkuu wa wilaya

*Dulla, 07:50*
Nimehamia upande wa mfuniko wa mafuta. Huku skrubu ya bampa imeshika kutu, haizunguki. Nimeipaka oili nasubiri inywe.

*Da Mwanahawa, 07:58*
Watu 23 kikundini, uwani tuko watatu na kuku.

*Mjomba Athumani, 08:04*
Asalaam aleikum. Nimesoma yote tangu juzi. Gari hilo lilitoka kwenye korosho za dada yangu, magunia niliyahesabu mimi kwa mkono wangu hapa Tandahimba. Halikutoka kwa mtu mwingine. Drili ni ya shemeji yangu marehemu. Alinijengea nayo mlango huu ninaoufunga kila usiku. Sasa nasema: drili irudi kwanza, ndipo mtu aliguse gari. Shaibu aje nayo kesho mkononi. Mkija na gari sawa, mkija na basi sawa. Mimi nitakuwa barazani.

*Fatuma, 08:06*
Waaleikum salaam. Shikamoo mjomba. Sawa mjomba.

*Zuhura, 08:06*
Shikamoo mjomba, tumekusikia

*Hassani, 08:07*
Shikamoo mjomba. Sawa.

*Mwajuma, 08:07*
Sawa mjomba 🙏

*Shemeji Rajabu, 08:09*
Shikamoo mjomba.

*Da Mwanahawa, 08:15*
Shikamoo mjomba. Tumesikia. Ila mjomba kwa heshima, kazi hii haitumii drili, ni skrubu tu, na upande mmoja umeshaisha.

*Mjomba Athumani, 08:21*
Marahaba. Nimesema.

*Dulla, 08:24*
Shikamoo babu. Samahani babu, gari limeshaguswa. Tairi la upande wa pili liko chini ya mwembe na gari liko juu ya gogo. Nirudishe au nimalizie?

*Dulla, 08:40*
Skrubu imelegea sasa, inazunguka.

*Dulla, 08:55*
Mama mkubwa yuko hapa ameshika mpira mkononi hasemi kitu.

*Bakari (Dar), 09:02*
Dulla kwanza rudisha tairi, gari lisikae hivyo na watoto wanacheza hapo. Nati kaza kwa mkono gari likiwa juu, ulishushe, ndipo uzikaze kwa spana, unaruka moja moja kama msalaba, usizifuate kwa mduara. Mpira wa pili dada auweke kabatini. Mengine ya wakubwa.

*Dulla, 09:20*
Limeshashuka. Nimekaza.

*Fatuma, 09:22*
Kwa hiyo kesho tunakwenda na mpira mmoja?

*Zuhura, 09:22*
Au na basi?

*Zuhura, 09:23*
Kaka Hassani nafasi za basi bado zipo?

*Da Mwanahawa, 09:31*
Msiniulize mimi.

*Shaibu, 09:47*
Kuna mtu anapita Nanguruwe leo?

*Shemeji Rajabu, 09:49*
Niko getini na jeki, mbona mmefunga? Fungueni jamani, ni nzito hii