Mafundi wa mifumo, acheni kutuwekea phpMyAdmin kaunta mkaiita mfumo wa duka!

Wakuu, heshima kwenu. Leo nina hasira, mnivumilie.

Duka letu la spea liko Gerezani, stoo iko Tabata, na wote tunatumia kanzidata moja ya MySQL, yaani programu inayohifadhi data zote za duka. Fundi aliyetufungia mfumo alilipwa pesa yake yote, akatuachia phpMyAdmin kwenye kompyuta ya kaunta, akaaga: "Mkizoea hamtapata shida." Tuzoee nini? Ile ni zana ya msimamizi wa kanzidata! Binti wa kaunta kazi yake ni kuuza beringi na kumpa mteja risiti.

Ifungueni wenyewe muone. Mbele ya jina la kila jedwali, kitufe cha kuingiza rekodi kimepakana na cha kumwaga jedwali zima, yaani kufuta rekodi zake zote. Ukikosea, swali la kuthibitisha linakuja kwa lugha ya kifundi huku wateja wamejazana wanadai wahudumiwe. Ukibofya mara mbili juu ya bei, inafunguka uibadilishe. Juzi shokapu ya 80,000 imetoka kwa 8,000. Nani kagusa? Haijulikani, maana kaunta na stoo wote tunaingia kwa akaunti moja ya root, ile yenye mamlaka yote. Na bosi anataka kumkata binti mshahara!

Hasira yangu ni kwamba dawa ipo na fundi anaijua. MySQL inakuruhusu kumpa kila mtu akaunti yake na mipaka yake: kaunta asome bei na aingize mauzo, basi. LibreOffice Base ni programu ya bure ya kutengenezea fomu, inaunganishwa na MySQL hiyohiyo, unachora fomu, mteja anachaguliwa kwenye orodha, kisanduku cha bei kinasomwa tu. Mwenye leseni ya Access, programu ya kanzidata ya Microsoft, naye anaweza kuunganisha majedwali yaleyale kwa ODBC, kiunganishi cha programu na kanzidata. Ila data ibaki kwenye seva ya MySQL, isihamishiwe kwenye faili la Access. Faili hilo lina kikomo cha GB 2, na mtandao wa kukatikakatika unaweza kuliharibu.

Wenye maduka, msimalizie malipo kabla muuzaji wenu hajakaa kwenye kiti auze, apokee bidhaa iliyorudishwa na atafute mzigo wa stoo bila fundi kumshikia mausi.

Aliyewahi kutengeneza fomu za namna hii hapa Dar aje tuzungumze, kazi ipo. Bosi nimeshamwambia: binti asikatwe hata shilingi, hasara hiyo adaiwe fundi.