Kengele ya sala inanikuta nakamua, nifanyeje?

Sista wa zizini
Tumsifu Yesu Kristo. Naombeni ushauri, hasa watawa wenzangu na wanaofuga.

Tuko masista sita, tunaishi kwa shamba na ng'ombe wanne. Masista wawili ni wazee, hawawezi tena kuinama. Kukamua ni zamu yangu, peke yangu. Masifu ya Asubuhi, sala yetu ya pamoja ya zaburi, ni saa 12 kamili. Wiki iliyopita kengele ililia ng'ombe wa mwisho ndiyo kwanza ameshusha maziwa. Nikaacha ndoo nikakimbia. Niliporudi ameyazuia, nikimgusa anarusha teke. Siku ya pili chuchu moja imevimba, maziwa yana mabonge.

Nikiwa kikanisani nawaza zizi. Nikibaki zizini nasikia wenzangu wanaimba zaburi bila mimi, na moyo unaniuma kwelikweli. Nikimweleza mkuu wetu ananijibu kwa upole, "Sala kwanza, Sista." Nitamwambiaje asinione mvivu wa sala?

Mtawa wa siku nyingi
Milele amina. Pole mdogo wangu. Mkuu wako hajakosea. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, mwongozo wa zamani wa maisha ya watawa, sura ya 43, inataka kengele ikilia uache ulichoshika, kisitangulizwe kitu mbele ya Kazi ya Mungu, yaani sala ya pamoja. Lakini sura ya 48 ya Kanuni hiyohiyo inabadilisha saa za kazi na za kusoma kufuata majira ya mwaka, na sura ya 50 inasema walio kazini mbali wasali palepale walipo, wapige magoti. Kwa hiyo usiombe ruhusa ya kukosa sala. Omba mkae wote mzungumzie saa ya kengele. Hayo ni maombi mawili tofauti, na mkuu atayasikia tofauti.

Mfugaji
Sista, kwanza huyo mgonjwa. Muone daktari wa mifugo leo, usingoje kesho. Mkamue wa mwisho, maziwa yake yasichanganywe na ya wenzake, na unawe mikono vizuri. Ng'ombe akishashusha maziwa una dakika chache tu, ukichelewa yanabaki kiweleni, na hapo ugonjwa unapata nafasi. Saa yoyote mtakayochagua yeye ataizoea, mradi isibadilikebadilike. Na ng'ombe wanne kwa mtu mmoja asubuhi ni wengi. Tafuta wa kukusaidia.

Jirani mwema
Mimi ni Mwislamu, naomba nichangie kidogo. Sura ya Ijumaa, aya ya 10, inatuambia sala ikishakwisha tutawanyike katika ardhi tutafute fadhila za Mwenyezi Mungu. Na kwetu kila sala ina wakati wake wa kuingia na wa kutoka, katikati kuna nafasi. Hiyo saa 12 kamili yenu ni sheria, au ni mazoea?

Bruda wa bustanini
Mimi nitakuwa mkali kidogo. Kazi ya shamba haina mwisho. Ukiisogezea sala leo, kesho itaomba tena. Nimeishi katika nyumba ambayo tuliongeza mifugo mpaka jioni tukawa tunasinzia kwenye zaburi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, uliyaita Masifu ya Asubuhi na ya Jioni nguzo mbili za sala ya kila siku. Hayo myasali wote pamoja, hata kama ni kwa kuuza ng'ombe mmoja. Sala ya mchana ndiyo muipeleke shambani, simameni kwenye matuta na majembe yenu.

Sista wa zizini
Asanteni sana. Daktari amekuja, chuchu inaendelea kupona.

Jirani, swali lako nililipeleka mezani jana. Kumbe saa 12 iliwekwa zamani kwa sababu padre alikuwa akija kila siku kusoma Misa saa 12 na nusu. Siku hizi anakuja Jumapili tu, na hakuna aliyewahi kuigusa kengele. Mkuu alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza kukamua kunaisha saa ngapi. Tumekubaliana mwenzangu mmoja aje zizini nami, na ng'ombe mmoja tutamuuza.

Kesho Masifu ni saa 12 na nusu. Sista wetu mzee kuliko wote ameomba kengele aipige yeye. Atakaa kwenye kiti mlangoni, akiona ndoo zimetoka zizini ndipo avute kamba.