Kuku wanaisha, shingo zinapinda, niwape dawa gani?

Jogoo_Chamwino: Wakuu habari za jioni. Nilikuwa na kuku wa kienyeji 34, wiki iliyopita nikanunua majogoo wawili mnadani nikawachanganya na wenzao siku hiyohiyo, juzi mmoja akaanza kusinzia mabawa yameshuka nikajua ni uchovu wa safari, asubuhi kafa. Mpaka sa hivi wameenda 9, wanaharisha kijani, na kuna mtetea shingo imepinda anazunguka tu. Nimewapa OTC (ile antibayotiki) na maji ya alovera, wapi. Wife anasema waliobaki tuwauze fasta kabla hawajaanza kusinzia. Na nikiwachanja leo watapona?

mama kuku: Pole. Usiuze!! Yani hivo hivo ndo na wewe ulivouziwa hao majogoo, kuna mtu aliona banda lake linaanza kuchemka akawahi mnadani. Mwaka juzi mi nililetewa zawadi ya tetea mmoja na shemeji nikaona aibu kumtenga, nikabaki na vifaranga vitatu.

Dokta wa Mtaani: Dalili hizo ni za mdondo, wengine mnaita kideri. Ni kirusi mkuu, OTC inapiga bakteria, hapo umepoteza hela tu. Chanjo ya leo haiwasaidii walioshaambukizwa, kinga yenyewe inachukua kama wiki mbili kujengeka. Mwite afisa mifugo aone mzoga maana mafua makali ya ndege nayo yanafanana na hii. Waliokufa choma au fukia shimo refu, usiwatupie mbwa, na usiende kwa jirani na ndala ulizoingia nazo bandani.

Jogoo_Chamwino: Daah. Sawa siuzi. Sasa nikianza upya nachanja na nini, nasikia chupa moja ni ya kuku wengi mno, mi nitakuwa na kuku 10

Kienyeji Pure: Tafuta chanjo ya mdondo inaitwa I-2, inatengenezwa hapa hapa Kibaha, ya matone. Tone moja kwenye jicho moja basi, kifaranga na jogoo dozi ni ileile, unarudia kila baada ya miezi mitatu. Inavumilia joto kuliko Lasota, ile chanjo nyingine ya mdondo, ila usije ukaiacha juani kwenye boda. Ukiamua kuwanywesha usitumie maji ya bomba yenye dawa, ile klorini inaua chanjo, watu wengi wanachemka hapo afu wanasema chanjo feki. Na hiyo ni ya mdondo tu, ndui na gumboro zina chanjo zake. Chupa ukifungua unaimaliza siku hiyohiyo kwahiyo kusanyaneni majirani, tena ndo vizuri maana kuku wa kienyeji hawajui mpaka, ukichanja wako peke yako bado wanashinda jalalani na wa jirani.

mama kuku: Na mgeni yeyote anakaa pembeni wiki mbili, chombo chake cha maji, hata kama kaletwa na mama mkwe 😂 Banda kwangua mbolea yote, mwaga chokaa, liache wazi jua lipige, usiingize kuku mwezi mzima.

Jogoo_Chamwino: Asanteni sana. Nimeongea na jirani ana kuku kama 60 hajawahi kuchanja hata siku moja, kakubali tuchangie chupa, wa kwake ataanza kesho maana bado wazima. Yule mtetea bado anazunguka. Wife kanuna.