Fainali ya vijana iliyokukosesha usingizi: tupeane uzoefu

Mtoto wa Buza (mwanzisha uzi)

Wadau, tuwekane sawa kwanza. Sizungumzii Klabu Bingwa wala Kombe la Dunia la wakubwa. Nazungumzia fainali za madogo: chini ya miaka 17, chini ya miaka 20, za dunia, za Afrika, hata za CECAFA, zile za Afrika Mashariki na Kati. Zile ambazo ukimwambia mtu umekesha kuziangalia anakuuliza, "Kwani walikuwa wanacheza akina nani?"

Yangu ni ya Moroko na Argentina, Kombe la Dunia chini ya miaka 20, Oktoba 2025, Santiago. Kule Chile ilikuwa Jumapili jioni, huku kwetu saa nane za usiku wa kuamkia Jumatatu, na Jumatatu ndiyo siku bosi wangu anasimama getini mwenyewe. Wife alinikuta sebuleni, TV nimeitoa sauti kabisa. Akauliza, Simba au Yanga? Nikamwambia Moroko. Akarudi kulala bila kuongeza neno.

Na kumbuka Agosti ya mwaka huo huo Moroko walitutoa robo fainali ya CHAN, lile kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za ndani, 1-0, hapo hapo kwa Mkapa. Niliondoka uwanjani nimeapa siwataki hata kwenye ramani. Miezi miwili baadaye nimekaa na chai ya rangi nawaombea dua. Ndivyo mechi za madogo zinavyotufanya, kinyongo kinakwenda likizo.

Wale watoto walipangwa kundi moja na Hispania, Brazil na Meksiko. Pole zao tulizituma mapema. Wakampiga Hispania 2-0, Brazil 2-1, halafu wakapoteza kwa Meksiko 1-0 wakiwa wameshafuzu. Wakaja wakawatoa Korea Kusini, kisha Marekani. Nusu fainali na Ufaransa ndiyo iliyonimaliza. Kipa namba moja, Benchaouch, aliumia, akaingia Gomis. Ngoma 1-1, dakika za nyongeza zinaisha, kocha Mohamed Ouahbi anamtoa Gomis anamwingiza kipa wa TATU, Mesbahi, kwa ajili ya penalti tu. Jamani, kipa wa tatu kazi yake huwa kubeba chupa za maji na kupiga picha. Huyu alipangua mkwaju wa mwisho wa Ufaransa, wakaingia fainali.

Argentina nao walikuwa wameshinda mechi zao zote, na kombe lile wanalo mara sita, hakuna nchi yenye mengi kuliko wao. Ni kweli Mastantuono na Echeverri hawakuwepo, klabu zao ziligoma kuwaachia. Sawa, lakini hao waliokuja badala yao nao si wa kuokota barabarani.

Mpira haujakaa sawa, Zabiri, mshambuliaji wa Moroko, anakimbilia mpira mrefu, kipa wa Argentina anatoka nje ya boksi, wanagongana. Refa anapeta. Mashindano yale hayakuwa na VAR (waamuzi wa video) ile tuliyozoea, kila kocha alikuwa na kadi ya kumwomba refa akajitazamie mwenyewe kwenye skrini pembeni. Ouahbi akaitoa ya kwake. Refa akaenda, akatazama, akarudi na mpira wa adhabu. Zabiri, mguu wa kushoto, akaupinda: dakika ya 12, bao. Dakika ya 29 Othmane Maamma akachanja mbuga upande wa kulia, akamimina krosi, Zabiri tena, hakuutuliza hata, moja kwa moja wavuni. Nililiuma kochi ili mtoto asiamke.

Kilichobaki ilikuwa Argentina kumiliki mpira na Moroko kumiliki matokeo. 2-0. Taifa la pili la Afrika kulibeba kombe hilo baada ya Ghana 2009. Zabiri alifunga yote mawili na mchezaji bora wa mashindano akawa Maamma, na hapo ndipo ubishi wa ofisini ulipoanzia, ila hayo tuyaache.

Haya, tiririkeni.

Mswahili wa Maskati

Assalaam alaykum. Yangu ya zamani kidogo, 2013, Kombe la Dunia chini ya miaka 17, Falme za Kiarabu. Fainali Nigeria na Meksiko, Abu Dhabi, siku ya Ijumaa, kwa hiyo kazi hamna. Tukajipakia garini na ami yangu na vijana wawili, tukatoka Maskati tukapitia Buraimi na Al Ain. Ami ni mzaliwa wa Unguja, mtu mzima, mpira wa siku hizi haumshughulishi. Alikuja kwa sababu aliambiwa njiani tutakula.

Meksiko ndio waliokuwa mabingwa watetezi, na Nigeria walishawapiga 6-1 kwenye makundi. Ulivyoingia uwanjani ulijua nani mwenyeji: Wanaijeria wamejaa, tarumbeta, ngoma, mtu kapaka uso kijani hadi masikioni. Kila mchezaji wa Nigeria akigusa mpira ami ananiinamia, "Huyu naye ana watoto wangapi?" Nikamwambia ami, punguza sauti, nyuma yetu wamekaa wenyewe. Bwana mmoja wa kule akacheka, akamjibu kwa Kiingereza kwamba huyo ana wawili, mkubwa yuko chuo. Basi wakawa marafiki, wakagawana karanga mpaka mwisho.

La kwanza Meksiko walijifunga wenyewe mapema. La pili Kelechi Iheanacho. La tatu Musa Muhammed, mpira wa adhabu, na ami alisimama kabla haujaingia, naapa. 3-0.

Miaka ile Iheanacho alipoanza kuifungia Manchester City, simu ilikuwa inalia kutoka kwa ami: "Umemuona mtoto wetu?" Mtoto *wetu*. Yule yule aliyemuulizia idadi ya watoto.

Mzee wa Mzunguko

Hahaha, mkuu wa Maskati umenifurahisha. Sasa mimi nawaleta nyumbani. Aprili 2019, AFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika) ya chini ya miaka 17, Dar es Salaam, wakati huo uwanja bado tunauita wa Taifa.

Serengeti Boys, vijana wetu wa taifa, walifungua na Nigeria. Wenye mioyo mepesi wapite kifungu hiki. Tukafika mabao manne, tuko mbele. Manne dhidi ya Nigeria! Jirani yangu kiti cha pili alishaanza kupiga hesabu za Kombe la Dunia Brazil. Tukafungwa 5-4. Kisha Uganda 3-0, kisha Angola 4-2, tukaaga nyumbani kwetu bila pointi hata moja.

Fainali ikawa Kameruni na Guinea. Watu wengi walisema hawaendi, imewauma. Nilikwenda. Pale mzunguko tulipokaa hakuna aliyekuwa na timu, na Mtanzania hawezi kukaa uwanjani bila timu, kwa hiyo tukajigawa kimya kimya: waliovaa nyekundu wakawa Guinea, sisi wa njano na kijani tukawa Kameruni. Bendera za nchi zote mbili zina rangi hizo hizo zote tatu, lakini nani alijali? Kufika kipindi cha pili watani walikuwa wanatoleana maneno ya Kariakoo kana kwamba wale watoto wamezaliwa Msimbazi na Jangwani.

Mpira wenyewe ulikuwa wa kubanana, 0-0. Steve Mvoué wa Kameruni alikuwa na mguu mtamu, ukimwona anavyopokea mpira unajua huyu hakai Afrika muda mrefu. Penalti: Kameruni walitia zote tano, Guinea wakapoteza moja. 5-3. Na Guinea nusu fainali walikuwa wamewatoa Nigeria kwa penalti 10-9, kwa hiyo sisi wa upande wetu tulijua wamezimaliza kule.

Baadaye ndiyo ikaja ile habari. Wachezaji wawili wa Guinea umri wao haukulingana na ule walioandikishwa walipokwenda kucheza mashindano Japani. CAF, shirikisho la mpira la Afrika, ikawaengua, nafasi yao ya Kombe la Dunia wakapewa Senegal. Mimi mpaka leo sijui nimuonee huruma nani. Niliwaona kwa macho yangu wakilia pale katikati, wengine wamejifunika jezi usoni, na wengi wao kwenye kosa hilo hawamo.

Kocha wa Vumbi

Mzee hapo umegusa penyewe. Nafundisha watoto mtaani, na nakwambia umri ni vita ambavyo mtu wa jukwaani havijui. Mzazi mmoja aliniletea kijana, mfukoni ana vyeti viwili vya kuzaliwa. Ananiuliza kwa heshima zote, "Kocha, unatumia kipi?"

Kwenye ngazi ya chini ya miaka 17 wanapima kifundo cha mkono kwa MRI, wanaangalia kama mfupa umeshaungana. Na sisi wenyewe tulinufaika: Serengeti Boys walikwenda Gabon 2017 baada ya Kongo Brazzaville kuondolewa kwa kutompeleka mchezaji wao mmoja kwenye kipimo hicho. Kule tukatoka 0-0 na Mali, tukampiga Angola 2-1, tukafungwa na Niger 1-0 tukatolewa. Mali wale wale wakaenda kubeba kombe, fainali 1-0 na Ghana. Niliitazama fainali ile na vijana wangu na hasira zimenijaa. Kila Mali wakigusa mpira kuna dogo mmoja anasema, "Kocha, hawa si tulitoka nao sare?" Nikamtuma maji.

Mgeni Kampala

Mimi ni Mkenya, lakini 2021 nilikuwa Kampala kikazi. Fainali ya AFCON chini ya miaka 20, Nouakchott, Mauritania. Uganda na Ghana. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Uganda kucheza mashindano hayo, na wameenda moja kwa moja hadi fainali. Nusu fainali walimpiga Tunisia 4-1, Derrick Kakooza akafunga matatu. Mtaani kwetu jina lilikuwa Kakooza, Kakooza, hadi watoto wakicheza na mpira wa makaratasi wanajiita Kakooza wote, hakuna mtu anataka kuwa kipa.

Shida ilikuwa kafyu ya korona. Saa tatu usiku kila mtu ndani, na mechi inaanza saa tano. Vibanda vya mpira vimefungwa. Mwenye nyumba wangu, mzee wa Kiganda, alikuwa na TV ya maana, kwa hivyo wapangaji wote tulihamia sebuleni kwake mapema na maski zetu kidevuni. Mama mwenye nyumba akatengeneza chai, akatuambia tukishangilia tushangilie kwa adabu, polisi wanapita.

Hatukupata nafasi ya kushangilia. Daniel Afriyie Barnieh akafunga kipindi cha kwanza, akafunga tena baada ya mapumziko, 2-0, kwisha. Mzee hakusema kitu kibaya. Alizima TV, akaiwasha tena ili aone wakivishwa medali, akataja kila mchezaji kwa jina la ukoo na mahali kwao wanatoka. Mimi nilitaka kulala lakini huwezi kumwacha mzee peke yake na msiba.

2024 nikawa tena na fainali, CECAFA chini ya miaka 20, safari hii Kenya yangu na Tanzania, pale Chamazi. 2-1 mkatushinda. Hiyo sitaisimulia, nyinyi mnaijua.

Mtoto wa Buza

@Mgeni Kampala pole ndugu yangu, ila hao Hippos, vijana wa Uganda, usiwalilie sana. Desemba 2020 walitupiga 4-1 Karatu, fainali ya CECAFA. Tuna madeni.

Dada Golikipa

Naona mmejaa wanaume na mnasahau mabinti. 2022, India, Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17. Serengeti Girls wetu walimfunga Ufaransa 2-1, wakafika robo fainali, wakatolewa na Kolombia 3-0. Fainali ikawa Kolombia na Hispania, na mimi nilikaa kuiangalia kwa nia mbaya kabisa, nawataka Kolombia wapigwe.

Dakika ya 82 hakuna bao. Hispania wanapiga mpira ndani ya boksi, beki wa Kolombia anajifunga. 1-0, imeisha. Nimedaka mpira wa shule na wa mtaa, najua mpira unavyoweza kumgonga mtu wako wa karibu ukakupita huna la kufanya. Yule binti alikaa chini na wenzake wakamfuata mmoja mmoja. Nia mbaya yangu yote ikayeyuka, nikaanza kumtetea kwa kaka zangu waliokuwa wanacheka. Tukagombana mpaka chakula kikaungua.

Bando la Usiku

Ghana 2009 hakuna aliyeisimulia? Cairo, wako kumi tangu kipindi cha kwanza, dhidi ya Brazil, 0-0, penalti 4-3, Agyemang-Badu anapiga ya mwisho. Wenye umri wenu njooni.

Mimi nina ya 2015, Chile, Nigeria na Mali, Kombe la Dunia chini ya miaka 17. Niko hosteli, naangalia kwenye simu usiku wa manane, wenzangu wanne wamenizunguka. Kipindi cha kwanza hakuna kitu. Cha pili kimeanza, dakika ya 55 bando limekata. Nikakimbia kumgongea jirani anirushie vocha, nikajiunga, picha ikarudi: dakika ya 60, Nigeria 2, Mali 0. Osimhen alifunga dakika ya 56, lake la kumi kwenye mashindano, na Bamgboye akaongeza dakika ya 59. Wale wanne walirudi vitandani kwao wananitukana, na vocha ya jirani nililipa peke yangu.