Chawa, kujipendekeza na kilemba cha ukoka, ni kitu kimoja?

Lanet_Boda: Wadau habari. Hapa steji kuna jamaa wa ofisi ya mheshimiwa fulani alikuja kutuelezea vile bosi wake ametuletea barabara, na hio barabara mnaijua ni mashimo tupu, sasa mwenzetu mmoja akamwambia usoni "wewe ni chawa". Jamaa akawaka, akadhani anaambiwa haogi. Mimi nilijua hio inaitwa kujipendekeza basi, mwingine ati ni kilemba cha ukoka. Ni kitu kimoja ama?

NyarKondele: Chawa tumetoa kwa Watanzania. Huko ndio wanaita hivyo wale watu wa kumzunguka msanii ama mwanasiasa wakimsifu mitandaoni asubuhi hadi jioni, na kazi yenyewe wanaiita uchawa. Mdudu anaishi kwa mwili wa mtu, chakula yake ni hapo hapo. Kujipendekeza hata wewe unaweza, kwa mama mkwe, kwa mwenye duka akukopeshe unga. Chawa lazima awe na mkubwa wa kumnyonya. Huyo jamaa wenu alikuwa anajirekodi video? Kama ndio, hakuwa anaongea na nyinyi, hio ilikuwa ya bosi.

Lanet_Boda: 😂😂 alikuwa na simu juu muda wote

Ticha_Bungoma: Kilemba cha ukoka ni nahau, na inapenda kuja kwa mtihani kwa hivyo vijana shikeni. Ukoka ni zile nyasi za kutambaa. Kilemba ni cha heshima, lakini ukimvisha mtu cha nyasi umemdanganya, jua likiwaka kidogo kimenyauka. Hapo mwenye kuchekwa ni yule anayesifiwa, anatembea akijiona sultani. Sasa kwa chawa wa siku hizi mimi sioni nani anadanganywa, mkubwa anajua ni uongo na bado analipa, sisi wa pembeni pia tunajua.

Mzee_wa_Njoro: Watoto nyinyi mnaongea chawa na mlikuta mambo yameisha. Sisi tulikuwa na kasuku. Septemba 1984 Moi alitoka Addis Ababa, akasema mawaziri na kila mtu waimbe kama kasuku nyuma yake, akiweka nukta nao waweke nukta, na akaeleza kwamba hata yeye wakati wa Kenyatta aliimba Kenyatta mpaka watu wakamwona hana lingine. Alisema wazi wazi! Hapa Nakuru tulikuwa mlangoni kwake, Kabarak si mbali, kwa hivyo waimbaji hatukukosa. Bila ile beji ya picha yake kwa koti, mkubwa wa ofisi ungemuona anatoa jasho.

NyarKondele: Lakini mzee, kasuku aliamrishwa. Chawa anajileta mwenyewe. Si hao wenu walikuwa wanaogopa tu?

Mzee_wa_Njoro: Kuna walioogopa, ndio, chama kilikuwa kimoja kwa sheria tangu 1982 na ukifukuzwa KANU siasa yako imeisha. Lakini usinidanganye kila mtu aliogopa. Kuna wengine hio amri ya 1984 iliwapata sauti ishakauka kwa kuimba. Na vyama vingi viliporudi 1991, baadhi yao walivuka upinzani wakapata mwingine wa kuimbia.

Ticha_Bungoma: Hao sasa ndio chawa.